Kutoka Daftari la Mpakani hadi Seva ya Kupanga: Historia ya Kumbukumbu za Papo kwa Papo na Nafasi ya Kiswahili katika Bandari Kavu ya Masaka, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya programu za wavuti zinazosasisha taarifa papo kwa papo katika Afrika Mashariki, kuanzia mifumo ya forodha ya ushoroba wa Mombasa na Dar es Salaam hadi huduma za seva za kupanga ambazo leo humwezesha mtu mmoja kujenga mfumo hai kwa siku chache. Kituo cha uchambuzi ni Masaka, wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, ilipo bandari kavu inayopokea mizigo ya njia zote mbili. Hoja kuu ni kwamba katika historia hiyo yote maswali mawili yamejadiliwa na kutungiwa sheria, yaani data ikae wapi na nani aifikie. Swali la tatu, la lugha ambayo kumbukumbu humfikia mtumiaji, limeachwa hadi mwisho kana kwamba ni rangi ya ukuta. Makala yanaonyesha, kwa mifano ya upatanisho wa kisarufi na ya saa za Kiswahili, kwamba lugha ni sehemu ya muundo wa hifadhidata na huamuliwa siku ya kwanza, iwe kwa makusudi au kwa kusahau.

Maneno muhimu: papo kwa papo, seva ya kupanga, hifadhidata, ushoroba, lugha rasmi, Masaka

1. Utangulizi

Masaka ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, karibu na barabara kuu inayoelekea Rwamagana na Kayonza, na kutoka hapo hadi mipaka ya Rusumo na Kagitumba. Hapo ndipo kampuni ya DP World ilipojenga bandari kavu ya Kigali baada ya kutiliana saini na serikali ya Rwanda mwaka 2016. Kituo kilianza kazi mwaka 2018 na kuzinduliwa rasmi Oktoba 2019. Malori yanayofika hapo yametoka Mombasa, umbali wa takriban kilomita 1,700, au Dar es Salaam, takriban kilomita 1,500. Madereva wake ni Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wakongomani na Wanyarwanda, na lugha wanayoelewana kwayo kwenye foleni, mizani na maegesho ni Kiswahili.

Kabla lori halijaingia langoni, habari zake zimekwisha kutangulia. Tamko la forodha, nambari ya kontena, hali ya sili ya kielektroniki na jina la wakala huwa yamekwisha kupita katika seva kadhaa. Dereva ambaye zamani alibeba bahasha ya nyaraka, na kwa hiyo alijua lililoandikwa juu ya mzigo wake, leo hufika mahali ambapo wengine wanajua zaidi yake. Makala haya yanauliza mabadiliko hayo yalitokeaje, na sera ya lugha ilikuwa wapi yalipokuwa yakitokea.

Istilahi tatu zinahitaji kubainishwa. Kwanza, dhana ya mfumo unaoonyesha badiliko mara tu linapotokea ina majina kadhaa yanayoshindana: wakati halisi, papo hapo, papo kwa papo, na hata mubashara lililoazimwa kutoka utangazaji. Makala yanatumia papo kwa papo, kwa kuwa linabeba maana ya tukio na taarifa yake kwenda pamoja. Pili, seva ya kupanga ni huduma ambayo mjenzi wa programu hainunui mashine wala kuiangalia. Hulipia matumizi kama mpangaji anavyolipia chumba, na mwenye nyumba hushughulikia paa na msingi. Tatu, kiolesura ni sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa.

2. Kumbukumbu inatangulia mzigo

Kwa miaka mingi safari ya mzigo kuja Kigali ilikuwa mfuatano wa madaftari. Kila mpaka ulikuwa na tamko lake, dhamana yake na mhuri wake, na tamko la nchi moja halikuwa na nguvu katika nchi iliyofuata. Mzigo ulipofika Rwanda ulipelekwa katika maghala ya MAGERWA, Gikondo, ambako hesabu ya kodi ilianza upya. Taarifa ilikwenda kwa mwendo wa lori, na lori liliposimama taarifa nayo ilisimama.

Kompyuta zilipoingia katika forodha, kila nchi ilijenga chumba chake. ASYCUDA, mfumo ulioasisiwa na UNCTAD mwaka 1981 kwa ajili ya nchi za Afrika Magharibi, ndio uliokuja kutumiwa na Uganda na Rwanda. Kenya ilianza kutumia mfumo ulioitwa Simba mwaka 2005. Tanzania ilihamia TANCIS katika muongo uliofuata. Mifumo hiyo ilikuwa ya kielektroniki, lakini haikusemezana. Wakala wa forodha aliweza kuchapa tamko Mombasa, kuchukua karatasi, kisha tamko lilelile likachapwa tena Malaba na tena Gatuna.

Hatua ya kwanza ya kuvunja kuta hizo ilikuwa RADDEx, mpango wa mamlaka za mapato za kanda wa kupelekeana data za mizigo inayopita. Baadaye, mwaka 2012, Rwanda ilianzisha Dirisha Moja la Kielektroniki, ambamo taasisi zinazotoa vibali huandika katika kumbukumbu moja badala ya kila moja kumwita mteja ofisini kwake. Kisha, kuanzia mwaka 2014, ukaja utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Chini ya utaratibu huo kodi hukadiriwa na kulipwa nchini mzigo unakokwenda wakati mzigo wenyewe bado uko bandarini, na afisa wa Kigali huweza kutoa idhini inayoonekana Mombasa au Dar es Salaam. Safari ya Mombasa hadi Kigali, iliyokuwa ikichukua wiki tatu hivi, iliripotiwa na serikali za kanda kushuka hadi chini ya siku kumi.

Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia kwa pamoja mfumo wa kufuatilia mizigo kwa sili za kielektroniki. Sili hupeleka mahali ilipo kupitia mtandao wa simu, na vyumba vya ufuatiliaji vya Nairobi, Kampala na Kigali huona alama ileile kwenye ramani. Sili ikifunguliwa njiani, au lori likiacha barabara iliyoidhinishwa, arifa hutoka mara moja. Kufikia hapo, kumbukumbu ilikuwa imeacha kuufuata mzigo na imeanza kuutangulia na kuuchunga.

Jambo moja lililowezesha mawasiliano hayo linastahili kuangaliwa na wanaisimu. Mifumo haikupelekeana maneno, ilipelekeana misimbo. Msingi wake ni Mfumo Uwianifu wa uainishaji wa bidhaa, uliosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na kuanza kutumika mwaka 1988, ambao huipa kila bidhaa nambari ya tarakimu sita. Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliongeza tarakimu mbili. Nambari haina lugha, na kila nchi huisoma kwa jina lake. Kanuni hiyo, yaani kuhifadhi maana kwa msimbo na kuiachia lugha kazi ya kuisema, tutairudia katika sehemu ya sita.

3. Seva ya mbali, kiolesura cha karibu

Wakati forodha ikiunganishwa, mifumo mingine miwili ya kanda ilionyesha kwamba mahali seva ilipo na lugha ambayo mfumo huzungumza ni maamuzi mawili tofauti.

Wa kwanza ni M-Pesa, uliozinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 na na Vodacom nchini Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka ya mwanzo seva zilizohesabu fedha za Wakenya zilikuwa Ulaya, na mwaka 2015 zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Mama wa sokoni Gikomba alipotuma shilingi mia tano, hesabu ilisafiri hadi Ulaya na kurudi kwa sekunde chache. Hata hivyo jina la huduma lilikuwa la Kiswahili, orodha ya huduma ilipatikana kwa Kiswahili, na ujumbe wa uthibitisho ungeweza kumfikia mtumiaji kwa Kiswahili. Umbali wa seva haukuzuia ukaribu wa lugha, kwa sababu waliounda huduma waliichukulia lugha kuwa sharti la biashara. Mtu hawezi kuamini salio asiloweza kulisoma.

Wa pili ni Ushahidi. Mwanzoni mwa Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, Ory Okolloh alitoa wito wa kuwapo ramani ya kuonyesha matukio ya vurugu. Yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walisimamisha tovuti kwa siku chache tu. Raia walituma taarifa kwa wavuti au kwa ujumbe mfupi, na taarifa ikawekwa kwenye ramani. Mwaka 2010 timu hiyo ilitoa Crowdmap, toleo la kupanga la mfumo uleule, ambapo mtu aliyetaka ramani yake hakuhitaji tena kusimika programu kwenye seva yake mwenyewe. Kwa hiyo Nairobi ilikuwa ikitoa huduma ya kupanga kabla neno lenyewe halijazoeleka katika kanda.

Mwaka huohuo tetemeko la Haiti lilitoa fundisho la lugha. Ujumbe mfupi uliotumwa na waathirika kwa nambari 4636 uliandikwa kwa Kikrioli, huku wengi wa waokoaji wakisoma Kiingereza. Wahaiti walioishi ughaibuni walijitolea kuutafsiri ujumbe huo kupitia wavuti, kisha taarifa zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi. Bila tafsiri hiyo, mfumo ungepokea kila neno na usimwokoe mtu. Tafsiri ilikuwa kiungo cha mfumo kama zilivyokuwa seva na minara, ila kilipachikwa kwa dharura na watu wa kujitolea kwa sababu hakikupangwa tangu mwanzo.

4. Seva ya kupanga na maamuzi ya siku ya kwanza

Wavuti wa awali ulijengwa juu ya swali na jibu. Kivinjari huuliza, seva hujibu, kisha mlango hufungwa. Aliyetaka kujua kama kuna jipya alilazimika kupiga hodi tena, na programu nyingi zilipiga hodi kila baada ya sekunde kadhaa, zikila chaji na salio la intaneti bure. Mwezi Desemba 2011 ulitolewa mwongozo rasmi wa WebSocket, unaoruhusu mlango kubaki wazi ili seva iseme bila kuulizwa. Mwaka 2012 kampuni ya Firebase, iliyoanzishwa Marekani na James Tamplin na Andrew Lee, ilitoa hifadhidata ya kupanga iliyojengwa juu ya wazo hilo: badiliko lolote linaloandikwa na mmoja huonekana kwa wote waliounganishwa. Google iliinunua Firebase Oktoba 2014. Huduma nyingine za aina hiyo zimefuata, baadhi zikiwa za msimbo huria.

Kanda nayo ilikuwa imejiandaa. Kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zilileta uwezo mkubwa wa intaneti katika pwani ya Kenya na Tanzania, na Rwanda ilitandaza mkongo wa taifa hadi wilayani. Mjini Kigali kLab ilifunguliwa mwaka 2012 kama mahali pa vijana wabunifu wa programu. Kijana aliyehitaji seva hakulazimika tena kuomba bajeti ya mashine, jenereta na kiyoyozi.

Ili msomaji wa sera aone maamuzi yalipo, tuchukue mfano wa kufikirika. Ushirika wa madereva unataka ukurasa wa simu unaoonyesha foleni ya kuingia bandari kavu ya Masaka. Mjenzi hufungua akaunti na kuunda mradi. Hatua inayofuata ni kuchagua mahali data itakapokaa, na katika huduma kama Firebase chaguo hilo halibadiliki baada ya kuthibitishwa: kuhama kunamaanisha kujenga upya mahali pengine na kuhamisha kila kitu. Kisha hupanga muundo wa hifadhidata, yaani kila gari litakuwa na taarifa gani: nambari ya usajili, hali, saa. Kisha huandika kanuni za ufikiaji, yaani nani asome na nani aandike. Mjenzi mwenye haraka hutumia kanuni za majaribio zinazomruhusu yeyote kusoma na kuandika, na akisahau kuzibadilisha, foleni nzima pamoja na nambari za simu za madereva huwa mali ya umma. Mwisho huunganisha ukurasa na hifadhidata kwa mistari michache ya msimbo na kuuchapisha.

Huduma hizi zina sifa moja inayofaa sana barabara zetu. Simu inapopoteza mtandao, nakala ya taarifa hubaki ndani yake na mtumiaji huendelea kuandika. Mtandao ukirudi, maandishi yake hupelekwa. Lakini watu wawili wakibadilisha taarifa ileile wakati mmoja wao hana mtandao, kwa kawaida andiko linalofika mwisho ndilo hushinda, hata kama liliandikwa kwanza. Dereva aliyeandika jambo akiwa porini anaweza kufuta, bila kujua, alichoandika karani dakika kumi zilizopita. Mjenzi hulazimika kuamua mapema ni saa ipi ya kuaminika, ya simu au ya seva.

Kwa hiyo kazi iliyohitaji idara nzima mwaka 2005 imekuwa kazi ya jioni chache. Kilichopungua ni gharama. Maamuzi hayakupungua, ila sasa hufanywa na mtu mmoja, kimyakimya, na mara nyingi kabla ya yeyote kuuliza juu ya lugha.

5. Masaka: data ikae wapi, nani aione

Maswali mawili ya kwanza yamepata majibu ya kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inataka data binafsi ihifadhiwe nchini, na kuihifadhi nje kunahitaji idhini ya mamlaka ya usimamizi. Kwa mjenzi wa mfano wetu, hii ina maana kwamba kitufe cha kuchagua mahali pa data ni kitufe cha kisheria. Akibofya mji wa Ulaya au Marekani kwa sababu ndio uliotangulia kwenye orodha, amefanya uamuzi unaohitaji idhini.

Mwaka 2020 ulionyesha uzito wa swali la nani aone nini. Janga la UVIKO-19 lilipoingia, Rwanda iliweka utaratibu wa madereva kupokezana magari mpakani. Madereva wa Tanzania waliupinga pale Rusumo mwezi Mei, kwa hofu ya kumkabidhi mgeni gari na mzigo ambao wao ndio waliodhaminiwa. Baada ya mazungumzo ya serikali, na sambamba na mgogoro wa foleni ndefu katika mipaka mingine, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, uliotumia programu ya simu ili majibu ya vipimo vya dereva yaliyotolewa nchi moja yatambuliwe na nchi nyingine. Kwa mara ya kwanza mwili wa dereva mwenyewe uliingia katika kumbukumbu ya pamoja: jina lake, alipo, na hali ya afya yake.

Hapo tofauti kati ya mzigo na mtu inajitokeza. Kontena halina haja ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Dereva anayo haja hiyo. Akizuiwa kwa sababu ya neno lililo kwenye skrini ya afisa, haki yake ya kuuliza, kusahihisha au kukata rufaa inategemea kulielewa neno hilo.

Sheria za lugha hazikukosekana. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa Novemba 1999 ulitamka katika Ibara ya 137 kwamba Kiingereza ndicho lugha rasmi na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ilianza kazi mwaka 2015. Rwanda ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliagiza Kiswahili na Kifaransa vitumike kama lugha rasmi za Jumuiya. Lakini utekelezaji wa sheria hizo umeelekezwa zaidi bungeni, shuleni na katika hotuba. Kiolesura hakikuhesabiwa kuwa mahali ambapo dola huzungumza na mwananchi, ingawa kwa dereva aliyeko Masaka dola huzungumza naye hapo kuliko mahali pengine popote.

6. Lugha ndani ya hifadhidata

Huenda mtu akadhani kwamba kasoro hiyo hurekebishwa kwa kuajiri mfasiri baada ya mfumo kukamilika. Mifano miwili inaonyesha kwa nini haitoshi.

Wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Mjenzi anayefikiri kwa Kiingereza huhifadhi katika sehemu ya hali neno moja lenye maana ya kufika, na neno hilo hutumika kwa kila kitu. Kwa Kiswahili halipo neno hilo moja. Dereva amefika, mzigo umefika, kontena limefika, kibali kimefika, nyaraka zimefika. Mfasiri anayepewa orodha ya maneno pasipo kujua kila neno litasimama mbele ya nomino gani atachagua umbo moja, na skrini itaandika mzigo amefika au nyaraka umefika. Msomaji ataelewa, lakini pia ataelewa kwamba mfumo haukuundwa kwa ajili yake. Mahali pengine kosa hilo huleta utata wa kweli. Ujumbe wa neno moja, amezuiliwa, unamhusu dereva, na limezuiliwa linahusu lori au kontena. Anayesoma umbo lisilo sahihi hajui kama ni yeye au ni gari linalotafutwa.

Tiba yake ni ileile iliyotumiwa na forodha kwa bidhaa. Hifadhidata ihifadhi msimbo wa tukio na msimbo wa kinachohusika, na kiolesura kitunge sentensi kwa kufuata ngeli ya nomino. Hilo ni jambo la muundo. Likifanywa siku ya kwanza ni safu moja ya ziada, likiachwa baada ya miaka mitatu ya data ni ujenzi mpya.

Mfano wa pili ni saa. Kenya, Uganda na Tanzania ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Lori likiondoka upande wa Tanzania wa Rusumo saa nne kamili asubuhi na kumaliza taratibu upande wa Rwanda dakika ishirini baadaye, saa ya huko itakuwa saa tatu na dakika ishirini. Mfumo uliohifadhi saa ya ukutani utaonyesha kwamba lori liliingia kabla ya kutoka. Kwa hiyo kumbukumbu ihifadhi saa ya dunia iliyotolewa na seva, na kila skrini iisome kwa saa ya mahali pake.

Hapo ndipo lugha inapoongeza swali lake. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo. Panapoandikwa 09:00 msemaji husoma saa tatu, na Kinyarwanda nacho kimeazima hesabu hiyo pamoja na maneno yake, hata Mnyarwanda husema saa tatu na saa sita kama asemavyo Mswahili. Dereva aliyeambiwa kwa simu na wakala kwamba miadi ya kupakua ni saa tisa, kisha skrini ikamwonyesha 09:00, anaweza kufika asubuhi badala ya alasiri, au kinyume chake. Kiolesura cha Kiswahili kinachonuia kueleweka kingeandika saa tisa alasiri sambamba na 15:00, vyote viwili vikitokana na kumbukumbu moja.

Kuna pia tatizo la istilahi zinazotofautiana njiani. Nchini Tanzania herufi IT, zikitajwa miongoni mwa madereva, huashiria gari linalopita kwenda nchi nyingine, ilhali katika ofisi ileile herufi hizohizo humaanisha idara ya kompyuta. Maneno kama sili, mzani, kibali, wakala na dhamana tayari yanaeleweka kwenye ushoroba wote na hayahitaji kubuniwa upya. Kinachohitajika ni kuyakusanya, kuyawekea maana moja ya kisheria, na kuyapa msimbo.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa ina mwelekeo mmoja. Kumbukumbu ilitoka mikononi mwa mchukuzi, ikaingia katika kompyuta ya kila nchi, ikaunganishwa, ikahamia katika seva za kupanga ambazo mjenzi hazioni. Katika kila hatua kasi iliongezeka, na mchukuzi akazidi kuwa mbali na kilichoandikwa juu yake. M-Pesa ulionyesha kwamba umbali wa seva hauhitaji kuwa umbali wa lugha. Haiti ilionyesha gharama ya kuiachia lugha dharura.

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu. Mosi, masharti ya zabuni za mifumo ya umma na ya kanda yadai kwamba hali na matukio yahifadhiwe kwa misimbo, na kwamba kiolesura kiweze kutunga sentensi zenye upatanisho wa Kiswahili. Sharti hilo liwekwe katika hatua ya usanifu. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha na mamlaka za mapato, iandae orodha ya istilahi za ushoroba zenye misimbo, iliyo huru kutumiwa na mjenzi yeyote, ili kijana wa Kigali, Kampala au Mwanza asilazimike kubuni neno kila anapoanzisha mradi. Tatu, mamlaka za ulinzi wa data zichukulie haki ya mtu kuifikia data yake kuwa ni pamoja na kuisoma kwa lugha rasmi anayoielewa. Kumpa mtu nakala asiyoweza kuisoma hakutekelezi haki hiyo. Nne, vyuo vinavyofundisha ujenzi wa programu za wavuti viingize mada za ngeli, saa na majina katika somo la hifadhidata, na idara za Kiswahili ziwapeleke walimu wake huko.

Bandari kavu ya Masaka itaendelea kupokea malori, na mifumo itakayoyahudumia bado inajengwa. Kila mradi mpya huanza kwa ukurasa mtupu wa hifadhidata unaosubiri majina ya safu zake. Wataalamu wa lugha wakifika wakati huo, kazi yao ni ya saa chache. Wakifika baada ya hapo, watakuta misimbo imekwisha kuandikwa na madereva wamekwisha kuzoea kuuliza jirani skrini imesema nini.